Mashine ya MIG ya mapigo: usiinunue kabla hujajibu maswali haya manne

Leo naziacha mbegu na mbolea pembeni, naongelea chuma. Mkulima wa biashara asiyeweza kuunga trela lake anaishi kwa kumsubiri fundi, na kazi ya shamba haina subira.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi vijana sita wa kikundi cha ng'ombe wa maziwa katani kwangu, huku Nyanda za Juu Kusini, walinifuata ofisini wakiwa na profoma mkononi. "Shikamoo bwana shamba, tunaomba utusainie hapa." Walikuwa wanaomba mkopo wa kununua mashine ya kuchomelea ya ampea 350, aina ya MIG yenye palsi. Walitaka kukarabati makopo ya maziwa ya aluminiamu ya wanachama, kuunda matrela ya pawatila na vihori vya kulishia. Wazo zuri kabisa. Nikasaini. Sikuuliza swali hata moja.

Mashine ikafika. Fundi umeme akaangalia waya wake, akatuangalia sisi, akasema, "Hii ni ya njia tatu. Hapa mna njia moja." Basi. Miezi mitano mashine imelala chini ya turubai, na marejesho hayajali kama mashine inawaka au haiwaki. Yalikatwa kwenye hela ya maziwa, na ilipopungua, kijana mmoja akauza mtamba wake ili kikundi kisiingie kwenye deni.

Maswali haya manne ndiyo niliyopaswa kuwauliza siku ile. Yachukue wewe kabla hujasaini chochote.

Kwanza tuelewane: mapigo ni nini?

MIG ni mashine inayolisha waya yenyewe kupitia tochi, huku gesi ikikinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Palsi ni mapigo ya umeme, ndiyo maana mimi naiita MIG ya mapigo.

Kwenye MIG ya kawaida ukiweka moto mdogo, waya unagusa chuma, unayeyuka na kukatika, unagusa tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kila mguso unarusha cheche. Ukiweka moto mkubwa, waya haugusi tena. Matone madogo yananyunyizwa kama dawa kwenye pampu ya mgongoni. Mshono unatoka laini, lakini joto ni kali: bati jembamba linatoboka, na ukichomelea ukutani au juu ya kichwa, chuma kinamwagika.

MIG ya mapigo inapita katikati. Fikiria unavyokamua. Unabana, maziwa yanatoka, unaachia, chuchu inajaa, unabana tena. Mashine inapandisha umeme kwa nguvu, tone moja la waya linaruka. Kisha inashusha umeme, mwali unabaki hai tu na chuma kinapumua. Inarudia hivyo mara makumi hadi mamia kwa sekunde. Unapata mshono laini na cheche kidogo, lakini joto la wastani linabaki chini. Faida yake ni hiyo tu. Haifanyi miujiza mingine.

Swali la 1: Unachomelea nini hasa?

Chukua daftari, andika vitu vyote vilivyokatika shambani kwako na kwa majirani zako tangu msimu uliopita. Kisha vipange hivi:

- Trela, geti, kihori, fremu ya jembe, chuma cha milimita 3 kwenda juu. Mashine ya vijiti au MIG ya kawaida inatosha. Ukinunua ya mapigo kwa kazi hizi peke yake, umenunua lori la kubebea ndoo moja.
- Bati jembamba la milimita 1 hadi 2. MIG ya kawaida kwenye moto mdogo inaweza. Mapigo yanakupunguzia kutoboa na muda wa kusaga cheche kwa grinda.
- Aluminiamu. Hapa mapigo yanalipa kweli. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, lakini ngozi yake ya oksaidi inayeyuka juu ya nyuzi 2,000, na inasambaza joto haraka mno. Ukiwa na moto mdogo haishiki, ukiongeza kidogo inatoboka. Mapigo yanapenya bila kuipika yote.
- Stenlesi. Mapigo yanasaidia isijikunje na isiungue rangi. Lakini mshono utakaogusa maziwa lazima uwe laini bila kitundu, maana kwenye kitundu ndiko bakteria wanakojificha wakati wa kuosha. Kwa mshono wa ndani ya chombo cha maziwa, tafuta fundi mwenye mashine ya TIG. Masikio, miguu na fremu vya nje fanya mwenyewe.
- Visahani vya haro na visu vya kukatia majani. Hivi ni vyuma vigumu, vinapasuka pembeni ya mshono vikipoa haraka. Mapigo hayatibu ugonjwa huu. Mara nyingi ni nafuu kununua kipya. Ukilazimika, pasha moto chuma kwanza, tumia kijiti kikavu cha 7018, kisha kifukie kwenye jivu au mchanga mkavu kipoe polepole.
- Kazi za katikati ya shamba kwenye upepo. Upepo unapeperusha gesi, mshono unajaa vitundu kama mkate. Huko mashine ya vijiti bado ndiyo mfalme.

Sasa angalia daftari lako. Kama aluminiamu, stenlesi na bati jembamba havifiki hata kazi chache kwa mwezi zenye mteja wa kulipa, acha mashine hii. Sikukatishi tamaa, nakuokolea mtamba wako.

Swali la 2: Umeme wako unaiweza?

Hapa ndipo tuliangukia, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Ni nyepesi.

Kwa MIG, volti za kuchomelea zinapatikana hivi: 14 + (0.05 × ampea). Kwa ampea 200 ni 14 + 10 = volti 24. Zidisha 24 kwa 200, unapata wati 4,800. Mashine ya inveta nayo inapoteza kidogo njiani. Tuchukue ufanisi wa asilimia 85, basi inavuta wati 5,650 hivi. Gawa kwa volti 230: karibu ampea 25 kutoka ukutani. Njia moja iliyofungwa vizuri inaweza kubeba mzigo huo.

Rudia kwa ampea 350. Volti zinakuwa 31.5, wati 11,025, inavuta karibu wati 13,000. Kwenye njia moja hiyo ni ampea 56, na hapo hujawasha hata taa. Ndiyo maana mashine kubwa hivi hutengenezwa kwa umeme wa njia tatu, volti 400.

Mambo ya kufanya kabla ya kwenda dukani:

1. Pima volti kwa mita, saa moja usiku watu wakiwa wanapika na kuwasha taa, si saa nne asubuhi. Mashine nyingi zinavumilia volti kushuka kwa asilimia 10 hadi 15, yaani mpaka 195 hivi. Sisi tulipima 178 kwenye nyumba ya kikundi.
2. Kama utatumia jenereta, usinunue ya wati zilezile ulizopiga hesabu. Kwa mashine ya ampea 200 fikiria jenereta ya kVA 8 hadi 10 yenye kidhibiti kizuri cha volti. Jenereta dogo linayumbisha umeme na linaweza kuua bodi ya inveta.
3. Ekstensheni ndefu na nyembamba inakula volti. Tumia waya wa milimita za mraba 4 au zaidi, ufupi uwezavyo, na usiuache umejikunja kwenye rola wakati unachomelea.
4. Mtu akikwambia "nitakuungia hiyo ya njia tatu kwenye njia moja," mshukuru, mwage. Mwite fundi umeme mwenye leseni.

Swali la 3: Gesi na waya utapata wapi?

Mapigo hayafanyi kazi kwenye kaboni dioksaidi tupu. Tulijifunza kwa hasara. Tulinunua mtungi wa kaboni dioksaidi kwa sababu ulikuwa wa bei rahisi, tukaweka programu ya mapigo, cheche zikaruka kama fataki. Mashine ilikuwa nzima, gesi ndiyo haikuwa yake.

- Chuma cha kawaida kwa mapigo: agoni iliyochanganywa na kaboni dioksaidi isiyozidi asilimia 20. Mchanganyiko wa 82 kwa 18 au 90 kwa 10 unafaa. Waya ER70S-6.
- Aluminiamu: agoni tupu, asilimia 100. Waya ER5356 au ER4043. Wa 5356 ni mgumu kidogo, haujikunji kirahisi kwenye rola. Wa 4043 ni laini ila unatiririka vizuri kwenye mshono.
- Stenlesi: agoni yenye kaboni dioksaidi asilimia 2 tu. Waya ER308L kwa stenlesi ya 304, ER316L kwa ya 316.

Hesabu ya gesi nayo ujue. Mtungi mkubwa wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 unabeba gesi karibu lita 10,000. Ukitumia lita 15 kwa dakika, ni kama saa 11 za mwali kuwaka. Mtungi mdogo wa lita 10 unabeba lita 2,000, sawa na saa 2 na dakika chache. Ongeza nauli ya kwenda kubadilisha mtungi mjini, gawa kwa saa hizo, ndipo utajua umlipishe mteja shilingi ngapi. Wengi wanasahau nauli, halafu wanashangaa hela imekwenda wapi.

Pakaza povu la sabuni kwenye viungo vya bomba la gesi. Uvujaji wa lita moja tu kwa dakika, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, unakula lita 720. Funga mtungi kila unapomaliza kazi.

Swali la 4: Utaitunza vipi, na nani atakayeishika?

Ukifika dukani usiangalie rangi wala namba kubwa iliyoandikwa mbele. Geuza mashine, soma kile kibao cha chuma cha nyuma. Tafuta herufi X. Hapo pana asilimia, na chini yake ampea. Ikiandikwa asilimia 60 kwa ampea 200, maana yake ndani ya dakika 10 unaweza kuchomelea dakika 6 kwa ampea 200, nne unapumzisha. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye joto la nyuzi 40. Mashine mbili zinaweza kuandikwa 200 mbele, moja ni asilimia 60, nyingine asilimia 20. Ya pili ni dakika 2 tu ndani ya 10. Hizo si mashine sawa, hata kama bei inakuvutia.

Kwenye kibao hichohicho angalia volti za kuingia na ampea za juu inazovuta. Kama muuzaji hajui kukusomea kibao, kisome mwenyewe.

Kisha uliza haya:

- Ina programu za chuma, aluminiamu na stenlesi, na unaweza kuchagua unene wa waya na aina ya gesi? Mashine nzuri ukishachagua hivyo inapanga mapigo yenyewe, wewe unabaki na kitufe cha nguvu na cha urefu wa mwali.
- Ina rola nne za kulisha waya? Kwa aluminiamu utahitaji rola zenye mfereji wa U, bomba la ndani la teflon na tochi fupi ya mita 3, au tochi yenye kiroba chake cha waya. Waya wa aluminiamu ni laini kama mlenda. Ukiusukuma kwenye tochi ndefu yenye bomba la chuma, unajikunja ndani.
- Inachomelea na vijiti pia? Hiyo itakuokoa siku gesi imeisha au kazi iko nje.
- Ncha za tochi, nozeli na bodi vinapatikana hapa nchini? Waombe wakuonyeshe, wasikuahidi.
- Wataiwasha mbele yako? Nenda na kipande chako cha aluminiamu. Asiyekubali kuijaribu, usimpe hela yako.

Kuhusu mikono: mashine ya bei haimfundishi mtu. VETA wana mafunzo ya uchomeleaji na uundaji wa vyuma. Peleka angalau mmoja wa kikundi kabla mashine haijafika.

Namna ya kuitumia: mfano wa sikio la kopo la maziwa

1. Osha kopo kwa sabuni na maji moto, likauke kabisa. Mafuta ya maziwa na unyevu vinaleta vitundu.
2. Sugua sehemu ya kuunga kwa brashi ya stenlesi inayotumika kwa aluminiamu tu. Ikishagusa chuma chenye kutu, isirudi huku. Chomelea mara baada ya kusugua, kabla ngozi ya oksaidi haijarudi nene.
3. Kibanio cha kurudishia umeme kishike kwenye aluminiamu safi, karibu na kazi. Mwali ukiyumba, kagua hapa kwanza.
4. Chagua programu: aluminiamu, unene wa waya wako, agoni. Anza na nguvu ndogo kwenye kipande chakavu cha unene uleule, panda polepole.
5. Gesi lita 15 hivi kwa dakika. Ukizidisha sana inavuta hewa ya nje, mshono unaharibika vilevile.
6. Umbali kutoka ncha ya tochi hadi kazi uwe kama milimita 15 hadi 20. Kwa mapigo usiisogeze karibu sana kama ulivyozoea kwenye MIG ya kawaida. Mwali utapanda na kuunguza ncha.
7. Sukuma tochi mbele ukiilaza nyuzi 10 hadi 15, usiivute. Ukivuta, mshono unatoka mweusi kama masizi.
8. Tembea haraka. Aluminiamu inazidi kupata joto unavyoendelea, kwa hiyo mwendo wa mwanzo wa mshono si wa mwisho. Unapomaliza, usikate ghafla; jaza kishimo cha mwisho, maana ndiko ufa unakoanzia.
9. Sikiliza. Mapigo mazuri yana mlio wa mfululizo kama nyuki. Ukisikia inapasukapasuka, mwali ni mfupi mno. Ongeza urefu wa mwali kidogo.

Likipoa, jaza maji, liache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, rudia. Usimrudishie mfugaji kopo ambalo hujalipima.

Usalama, tafadhali msome hapa bila kuruka

Agoni ni nzito kuliko hewa, haina harufu wala rangi. Inajaza tangi au shimo kama maji. Usiingie kuchomelea ndani ya tangi au silo bila feni ya kuleta hewa na mtu wa kukuangalia nje. Mtu anaweza kuzimia bila kuhisi chochote.

Bati na bomba lililopakwa zinki linatoa moshi mweupe unaoleta homa ya usiku, baridi na maumivu ya mwili. Kunywa maziwa si dawa wala kinga, ingawa kila fundi atakwambia hivyo. Ondoa zinki kwa kusaga, fanya kazi penye hewa, vaa barakoa ya moshi wa chuma. Moshi wa stenlesi ni mbaya zaidi, una kromiamu inayoweza kuleta saratani.

Usichomelee pipa lililowahi kubeba mafuta au dawa, hata kama limeoshwa. Ondoa terminali za betri kabla ya kuchomelea chochote kwenye trekta. Mwali wa aluminiamu ni mkali sana machoni. Kioo namba 11 au 12, na mikono mirefu. Usiuangalie "mara moja tu".

Tulivyotoka

Mashine yetu haikuuzwa. Baada ya miezi mitano mmoja wao aliuliza swali ambalo mimi ningepaswa kuliuliza: "Bwana shamba, hivi kijijini hapa nani ana njia tatu?" Jibu lilikuwepo siku zote, linanguruma kila asubuhi. Mashine ya kusaga na kukoboa.

Tukaongea na mwenye mashine. Fundi mwenye leseni akavuta waya kutoka kwenye bodi yake, akafunga breka na mita ndogo ya pembeni. Kibanda cha kuchomelea tulikijenga mbali na chumba cha kusagia, na hilo halina mjadala: vumbi la unga likikutana na cheche linalipuka. Asubuhi wateja wanasaga, mchana vijana wanachomelea. Luku inagawanywa kwa mita, hakuna ugomvi.

Sasa wanapokea makopo ya maziwa kutoka kata tatu na marejesho yanalipwa na mashine yenyewe. Lakini yule mtamba hakurudi. Alishazaa, anakamuliwa kwenye zizi la mtu mwingine. Kikundi kimekubaliana kwamba faida ya kwanza itamnunulia mwenzao mwingine, na mimi nimechangia, kwa sababu sahihi kwenye ile profoma ni yangu.

Siku hizi kijana akija na profoma, simwulizi bei kwanza. Namwambia anioneshe daftari la kazi, kipimo cha volti cha usiku, na jina la duka la gesi. Akinipa vyote vitatu, nasaini nikiwa nimesimama.